Doki ya kompyuta: Tundu moja linapobebeshwa ofisi nzima

KARANI wa hesabu anapofika kazini asubuhi na kutoa kompyuta yake mpakato kwenye mkoba, kazi yake ya kwanza si hesabu, bali ni kuunganisha nyaya. Upo waya wa chaja, wa skrini kubwa ya mezani, wa kibodi, wa kipanya, wa printa, wa mtandao na wa diski ya nje anayohifadhia nakala za mafaili. Jumla ni nyaya saba. Akiitwa kikaoni huzichomoa zote, na akirejea huzichomeka upya, huku akiinama chini ya meza kuutafuta ule ulioanguka.

Adha hiyo ndiyo inayowasukuma watu wengi, maofisini na majumbani, kununua kifaa ambacho mafundi na wauzaji wa kompyuta hukiita doki. Ni kisanduku kidogo chenye matundu mengi, ambacho hupokea nyaya zote za mezani na kisha kuunganishwa na kompyuta kwa waya mmoja tu. Mwenye kompyuta akifika, huchomeka waya huo na vifaa vyote huamka. Akiondoka, huuchomoa na kwenda zake.

Hata hivyo, wapo wanaotoa fedha nyingi kununua doki na baadaye kugundua kwamba skrini ya pili haiwaki, kompyuta haipokei chaji au diski hujikata katikati ya kazi. Wengi hurudi dukani wakidai wameuziwa kifaa kibovu. Mara nyingi kifaa chenyewe huwa ni kizima kabisa, isipokuwa mnunuzi alihesabu matundu ya doki na kusahau kulichunguza tundu la kompyuta yake.

Makala haya yanaeleza namna doki inavyofanya kazi, sababu za doki mbili zinazofanana kwa sura kutofautiana kwa uwezo, na mambo ambayo mnunuzi anapaswa kuyafahamu kabla ya kutoa fedha zake.

Doki si habu, wala si adapta

Madukani vifaa vya aina tatu huwekwa kwenye rafu moja, na si ajabu muuzaji akavitaja vyote kwa jina moja. Ni vyema msomaji akavitofautisha.

Adapta ni kifaa kidogo kinachobadili aina moja ya tundu kuwa nyingine. Mfano ni kile kinachomwezesha mtu mwenye kompyuta mpya kuiunganisha na projekta ya zamani yenye tundu la VGA katika ukumbi wa mikutano.

Habu hugawa tundu moja la USB kuwa matundu kadhaa ya aina hiyo hiyo. Inafaa kwa kipanya, kibodi na flashi. Habu nyingi hazina umeme wake zenyewe, bali hutegemea ule unaotoka katika kompyuta.

Doki hubeba mzigo mkubwa zaidi. Hupitisha data, picha za skrini, sauti na mtandao wa waya. Nyingi huwa na chaja yake inayochomekwa ukutani, na zile za USB-C huipelekea kompyuta umeme kupitia waya ule ule mmoja. Zipo pia doki ndogo za safarini zisizo na chaja yake, ambazo humtaka mtumiaji achomeke chaja ya kompyuta kwenye tundu maalumu la doki, nayo doki ipitishe umeme huo kwenda kwenye kompyuta.

Zilikotoka

Wazo la doki si geni. Mwezi Oktoba mwaka 1992, kampuni ya Apple ya Marekani ilizindua kompyuta ndogo ziitwazo PowerBook Duo. Ili ziwe nyepesi, hazikuwekewa hata sehemu ya kusomea disketi. Badala yake kampuni hiyo ilitengeneza kasha la mezani lililoitwa Duo Dock. Mtumiaji aliifunga kompyuta yake na kuisukuma ndani ya kasha hilo, kama mtu anavyoingiza kanda ya video katika deki. Hapo kompyuta ya mkobani iligeuka kuwa ya mezani, ikiwa na skrini kubwa na kibodi kamili.

Kwa miaka mingi baada ya hapo, kampuni kama IBM, Dell na HP ziliuza doki za aina hiyo kwa wateja wao wa maofisini. Nyingi zilikuwa kama sinia ambalo kompyuta ililazwa juu yake na kunasa kwenye kiunganishi kilichopo sehemu ya chini. Zilifanya kazi vizuri, lakini zilikuwa na kasoro moja kubwa. Doki ya kampuni moja haikuingiliana na kompyuta ya kampuni nyingine, na hata ndani ya kampuni moja, toleo jipya la kompyuta liliweza kuifanya doki ya zamani kuwa pambo la stoo.

Wakati huohuo tundu la USB, lililoanza mwaka 1996, lilikuwa likikua. Toleo la USB 2.0 la mwaka 2000 lilipitisha hadi megabiti 480 kwa sekunde. Toleo la USB 3.0 la mwaka 2008 lilifikia gigabiti 5 kwa sekunde, yaani zaidi ya mara kumi ya kasi ya awali.

Mageuzi makubwa yalikuja mwaka 2014 yalipotangazwa maelezo rasmi ya tundu la USB-C. Hili ni lile tundu dogo lenye kingo za mviringo ambalo sasa limezoeleka kwenye simu nyingi, na ambalo waya wake huingia bila kujali upande upi umekaa juu. Mwaka 2015 Apple ilitoa kompyuta ya MacBook iliyokuwa na tundu moja tu la aina hiyo, mbali na lile la spika za masikioni. Kuanzia hapo adapta, habu na doki ziligeuka kuwa hitaji la mtumiaji wa kawaida.

Umoja wa Ulaya nao ulipitisha sheria mwaka 2022 ya kuifanya USB-C kuwa tundu la pamoja la kuchajia. Sheria hiyo iliweka tarehe 28 Desemba 2024 kwa simu na vifaa vingine vidogo, na tarehe 28 Aprili 2026 kwa kompyuta mpakato.

Umbo moja, uwezo tofauti

Hapa ndipo wanunuzi wengi wanapojikwaa. USB-C ni jina la umbo la tundu. Si jina la kasi, wala si ahadi kwamba tundu hilo litafanya kazi zote.

Tundu la USB-C linaweza kufanya kazi tatu, yaani kupitisha data, kupitisha picha za skrini na kupokea umeme wa kuchaji. Kompyuta moja inaweza kuwa na tundu lenye uwezo wa kufanya zote tatu. Nyingine, hasa za bei nafuu, huwa na tundu la umbo lile lile linalopitisha data peke yake. Doki ikichomekwa kwenye tundu la namna hiyo, kipanya na kibodi vitafanya kazi, lakini skrini itabaki nyeusi na betri itaendelea kupungua.

Ili kutambua tofauti hiyo, mtumiaji aangalie alama zilizo pembeni mwa tundu. Alama ya radi yenye mshale huashiria Thunderbolt, aina ya muunganisho yenye kasi kubwa ambayo tangu toleo lake la tatu la mwaka 2015 hutumia umbo la USB-C na kufikia gigabiti 40 kwa sekunde. Alama ya herufi D na P zilizounganishwa huashiria kuwa tundu hupitisha picha. Alama ya betri au ya plagi huashiria kuwa tundu hupokea chaji. Kwa kuwa baadhi ya watengenezaji hawachapi alama hizo, njia ya uhakika ni kusoma maelezo ya toleo husika la kompyuta katika kitabu chake au kwenye tovuti ya mtengenezaji.

Hesabu ya skrini

Doki haizalishi uwezo mpya, bali hugawa ule unaotoka katika kompyuta. Ni sawa na bomba kuu la maji linaloingia nyumbani. Mwenye nyumba anaweza kufunga bomba jikoni, bafuni na uani, lakini yote yakifunguliwa kwa pamoja, maji yanayotoka hayawezi kuzidi yale yanayoingia.

Katika matumizi ya kila siku, mnywaji mkubwa wa maji hayo ni skrini. Skrini ya kawaida ya mezani ina nukta 1,920 kwa upana na 1,080 kwa urefu, yaani zaidi ya nukta milioni 2. Kila nukta huhitaji biti 24 kueleza rangi yake, na picha nzima huchorwa upya mara 60 kwa sekunde. Ukizidisha tarakimu hizo utapata takribani gigabiti 3 kwa sekunde. Skrini ya 4K ina nukta mara nne ya hizo, hivyo huhitaji takribani gigabiti 12 kwa sekunde. Kipanya, kwa kulinganisha, hutumia sehemu ndogo mno isiyostahili hata kuhesabiwa.

Ndani ya tundu la USB-C mna njia nne za kasi kubwa. Doki nyingi za kawaida hutumia njia mbili kwa picha na mbili kwa data. Katika kompyuta nyingi zilizotengenezwa miaka ya mwanzo ya USB-C, njia mbili za picha hubeba takribani gigabiti 8.6 kwa sekunde. Kiasi hicho kinatosha skrini mbili za kawaida, lakini hakitoshi skrini moja ya 4K inayochorwa mara 60 kwa sekunde. Matokeo yake skrini huchorwa mara 30 tu, na mtumiaji huona mshale wa kipanya ukitembea kwa kusuasua.

Baadhi ya doki hulitatua tatizo hilo kwa kuzipa picha njia zote nne. Skrini hapo hung'aa vizuri, lakini data hurudishwa kwenye njia ya zamani ya USB 2.0, yaani megabiti 480 kwa sekunde. Diski ya nje iliyokuwa ikinakili mafaili kwa dakika chache itachukua muda mrefu zaidi. Doki za Thunderbolt na za USB4, toleo lililotangazwa mwaka 2019, zina nafasi kubwa zaidi, ila bei yake nayo huwa juu na kompyuta yenyewe lazima iwe na uwezo huo.

Mfumo wa kompyuta pia una nafasi yake. Doki nyingi huwasha skrini mbili kwa kugawa mkondo mmoja wa picha kuwa miwili. Windows huutumia utaratibu huo, lakini mfumo wa macOS wa Apple hauutumii kutandaza picha tofauti, hivyo skrini zote mbili za nje huonyesha kitu kile kile. Aidha, kompyuta za MacBook Air zenye chipu za M1 na M2 ziliundwa kuendesha skrini moja tu ya nje. Mwenye kompyuta hizo akinunua doki ya matundu mawili ya skrini, moja linaweza kubaki bila kazi.

Kwa kompyuta za zamani zenye tundu la USB la mstatili peke yake, ipo njia nyingine. Zipo doki zinazotumia teknolojia ya DisplayLink, ambapo programu maalumu huibana picha na kuipitisha kama data ya kawaida, kisha chipu ya doki huifumbua na kuipeleka kwenye skrini. Njia hii inafaa kwa kuandika, kusoma barua pepe na kupiga hesabu. Haifai sana kwa michezo au kazi za kuhariri video, kwa kuwa huichosha kompyuta na picha huweza kukwama. Kompyuta hizo pia huendelea kuhitaji chaja yake ya kawaida.

Umeme nao una hesabu yake

Kompyuta mpakato nyingi za ofisini huja na chaja ya wati 45 hadi 65. Zile zinazotumika kwa michezo au usanifu wa majengo huweza kuhitaji zaidi ya wati 100. Utaratibu wa kuchaji kupitia USB-C uliishia wati 100 hadi mwaka 2021, ulipopandishwa hadi wati 240.

Mnunuzi anapaswa kuangalia wati ambazo doki huipelekea kompyuta, si zile zilizoandikwa kwenye chaja ya doki. Doki yenyewe hutumia sehemu ya umeme huo, pamoja na vifaa vilivyochomekwa kwake. Kwa mfano, doki ya safarini ikipewa chaja ya wati 65 na kujibakizia wati 15, kompyuta itapata wati 50. Ikiwa kompyuta hutumia zaidi ya hapo kazi inapokuwa nzito, betri itapungua taratibu ingawa alama ya chaji inaonekana.

Waya nao si wa kupuuza. Waya wa chaja ya simu huingia kwenye tundu la USB-C bila tatizo, lakini nyaya nyingi za aina hiyo zimetengenezwa kwa ajili ya kuchaji na data ya kasi ya USB 2.0 tu, hivyo hazipitishi picha. Waya wa kawaida wa USB-C huishia wati 60. Kuvuka hapo huhitajika waya wenye chipu ndani yake inayoitambulisha doki na kompyuta kwamba waya huo unauweza mzigo. Ndiyo maana waya uliokuja na doki unapaswa kutunzwa.

Umeme unapokatika

Kwa watumiaji wa maeneo ambayo umeme hukatika mara kwa mara, lipo jambo moja ambalo aghalabu halitajwi kwenye boksi la doki, nalo linaweza kugharimu kazi ya wiki nzima.

Umeme ukikatika, kompyuta mpakato huendelea kufanya kazi kwa betri yake. Doki inayotegemea umeme wa ukutani huzimika papo hapo, na kila kilichochomekwa kwake huzimika nayo. Skrini ikizimika si hasara kubwa, kwa kuwa itawaka tena. Diski ya nje iliyokuwa ikiandikiwa mafaili wakati huo ni habari nyingine. Kukatwa ghafla katikati ya kuandika huweza kuharibu faili, na wakati mwingine kuvuruga mpangilio wa diski nzima kiasi cha kompyuta kushindwa kuisoma.

Hatari hiyo hiyo ipo hata pasipo umeme kukatika. Urahisi wa doki ni kwamba waya mmoja hubeba vifaa vyote, na kwa maana hiyo, kuchomoa waya mmoja ni kuchomoa vifaa vyote kwa mkupuo. Mtu aliyezoea kuiaga diski yake kwa amri ya kuiondoa salama husahau kufanya hivyo anapokimbilia kikaoni, kwa kuwa mkono wake haukuigusa diski.

Kinga yake ni rahisi. Diski yenye nakala muhimu ichomekwe moja kwa moja kwenye tundu la kompyuta badala ya kupitia doki. Isipowezekana, doki ichomekwe kwenye kifaa cha akiba ya umeme kinachofahamika kama UPS, ili mtumiaji apate dakika chache za kumaliza kunakili na kuiondoa diski salama. Na kabla ya kuuchomoa waya wa doki, ahakikishe hakuna faili linaloendelea kuandikwa.

Namna ya kupanga vifaa

Baada ya kununua doki inayofaa, mpangilio wa vifaa nao huchangia utendaji. Vifaa vya kasi ndogo kama kibodi, kipanya na printa vichomekwe kwenye matundu ya USB 2.0 iwapo doki inayo, ili yale ya kasi yabakie kwa diski na kamera.

Kidude cha kupokea mawimbi ya kipanya au kibodi isiyo na waya kisiwekwe karibu na tundu la USB 3.0 linalotumika. Matundu hayo hutoa mawimbi yanayoingiliana na yale ya masafa ya gigahezi 2.4 yanayotumiwa na vidude hivyo, na dalili yake ni mshale kurukaruka au herufi kupotea wakati wa kuandika. Kukihamishia kidude hicho upande wa pili wa meza kwa waya mfupi wa kurefushia hutosha kuliondoa tatizo.

Doki hupata joto inapofanya kazi, na joto la kadiri si dalili ya ubovu. Lakini isifunikwe kwa majalada wala kulazwa chini ya kompyuta, kwa kuwa joto likizidi baadhi ya vifaa huanza kujikata.

Maswali kabla ya kulipa

Kwa kuzingatia maelezo hayo, mnunuzi anapaswa kuwa na majibu ya maswali matano anapoingia dukani.

Kwanza, je, tundu la kompyuta yangu hupitisha picha na kupokea chaji, au hupitisha data pekee? Pili, nahitaji skrini ngapi, na ni za kawaida au za 4K? Tatu, kompyuta yangu huhitaji wati ngapi, na doki hii huipelekea ngapi? Nne, mfumo wa kompyuta yangu unaikubali doki hii, na je, ipo programu ya kusakinisha kwanza? Tano, waya sahihi umo ndani ya boksi?

Njia bora kuliko zote ni kwenda dukani na kompyuta yenyewe, na kuomba doki ijaribiwe kwa skrini mbili kabla ya kulipa. Muuzaji mwaminifu hatakataa. Akikataa, nalo ni jibu.

Aidha, si kila mtu anahitaji doki. Mwanafunzi anayechomeka kipanya na flashi atatoshwa na habu ya bei ndogo. Mwalimu anayetumia projekta mara moja kwa wiki atatoshwa na adapta. Doki inamfaa zaidi yule anayehama na kompyuta yake kila siku kati ya meza, kikao na nyumbani, na ambaye kila kuhama humgharimu nyaya saba.

Kwa mtu huyo, kisanduku hicho ni nafuu ya kweli. Karani wetu wa hesabu ataweza kufika asubuhi, kuchomeka waya mmoja na kuanza kazi aliyoajiriwa kuifanya, alimradi alikumbuka kuliuliza tundu la kompyuta yake kabla ya kuhesabu matundu ya doki. Kuuliza, kama wasemavyo wahenga, si ujinga.